Herufi Kubwa Zisizo na Ukungu kwenye Laptopu Yenye Pikseli Nyingi

Kama maandishi kwenye laptopu yako ni madogo mno, usiguse rezolusheni, yaani idadi ya pikseli (zile nukta ndogo zinazounda picha) ambayo kompyuta inaituma kwenye kioo. Naliweka hili mwanzoni kwa sababu ndilo jambo la kwanza ambalo karibu kila mtu hulikimbilia, na ndilo linaloharibu kioo kizuri. Kinachotakiwa kubadilishwa ni kipimo cha kukuza, pale Windows inapopaita "Scale". Rezolusheni iachwe kama kioo kilivyotengenezwa. Ninasoma prufu (kurasa za kusahihishwa kabla ya kuchapwa) za vitabu vya Kiswahili hapa Dar es Salaam, nimeshavuka miaka hamsini, na siku nzima ya kazi macho yangu yako kwenye kioo cha inchi 13.3. Haya ninayoyaandika ndiyo ninayowafanyia waandishi na wahariri wenzangu wanaponiletea mashine zao.

Kazi ya prufu haina huruma na herufi ndogo. Lazima nione kama ritifaa ya "ng'oa" ipo au imedondoka, kama "1" ni namba au ni "l" iliyopotea njia, kama "rn" imejifanya "m". Kwa hiyo nina mstari wangu wa kupimia kioo chochote, nawe uunakili uwe nao: "Ng'ombe 11 wa Ilala waling'oa mhimili, bibi alilia akalala." Uandike kwenye Word kwa saizi ya 12, kisha kaa unavyokaa siku zote, mgongo kwenye kiti. Kama huoni ritifaa zote mbili bila kuinama, au "Il" ya Ilala inaonekana kama vijiti viwili visivyo na tofauti, kioo hakijawekwa sawa. Urudie mtihani huo baada ya kila hatua.

Kwanza tuelewe udogo unatoka wapi. Laptopu za zamani za inchi 15.6 zilikuwa na pikseli 1366 kwa 768, yaani kama pikseli 100 katika kila inchi moja ya kioo. Windows nayo ilijengwa juu ya dhana ya pikseli 96 kwa inchi, hivyo mambo yalikwenda sawa bila mtu kugusa kitu. Sasa chukua laptopu ya mtumba, aina ya zile za maofisini zinazopitia Dubai, yenye kioo cha inchi 13.3 na pikseli 3200 kwa 1800. Hizo ni pikseli 276 kwa inchi. Maandishi ya menyu za Windows hupewa kimo cha pikseli 12. Kwenye kioo cha zamani kimo hicho ni milimita 3. Kwenye hiki kipya, kipimo cha kukuza kikiwa asilimia 100, ni milimita 1.1. Mwanasheria mmoja tunayefahamiana alinunua mashine ya namna hiyo akaamini macho yake yameharibika ghafla. Macho yalikuwa yaleyale.

Sasa kwa nini rezolusheni isishushwe? Pikseli za kioo zimekaa mahali pake kama ushanga uliokwisha tungwa. Hazipungui wala haziongezeki. Ukiiagiza kompyuta itume picha ya 1920 kwa 1080 kwenye kioo cha 3200 kwa 1800, kila pikseli ya picha inatakiwa ikalie pikseli moja na theluthi mbili za kioo. Pikseli haigawanyiki, basi kompyuta inachanganya rangi kwenye mipaka, na kingo za herufi zinakuwa na kijivu kama wino uliovuja kwenye karatasi mbaya. Maandishi yamekuwa makubwa, ndiyo, lakini jicho linahangaika kutafuta ukingo usiokuwepo, na saa ya pili kichwa kinaanza kugonga. Ukitumia kipimo cha kukuza mambo ni tofauti kabisa: herufi ya pikseli 12 inachorwa upya kwa pikseli 30, duara la "o" linakuwa duara kweli, na ritifaa inapata umbo lake. Pikseli nyingi ulizozilipia zinafanya kazi ya kusafisha herufi badala ya kuipunguza.

Hatua zenyewe kwenye Windows 11 ni hizi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi I ili mipangilio ifunguke. Ingia "System", halafu "Display". Teremka hadi "Display resolution" na uhakikishe namba iliyochaguliwa ina neno "Recommended" pembeni. Usishangae ukikuta imeshushwa; wauzaji wengine huishusha dukani ili mteja aone herufi kubwa na kulipa haraka. Irudishe. Kisha nenda kwenye "Scale", palepale juu yake, uchague asilimia.

Asilimia ngapi? Usikisie. Chukua pikseli za upana uzizidishe kwa zenyewe, fanya vivyo hivyo kwa za urefu, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili, gawanya kwa inchi za kioo. Umepata pikseli kwa inchi. Gawanya kwa 96, zidisha kwa 100. Kioo cha inchi 14 chenye 1920 kwa 1080 kina pikseli 157 kwa inchi, jibu ni asilimia 164, hivyo chagua 150 au 175. Cha inchi 14 chenye 2560 kwa 1440 kinatoa 219, anza na 200. Cha inchi 15.6 chenye 3840 kwa 2160 kinakaribia 300. Laptopu huwa karibu zaidi na uso kuliko kioo cha mezani, kwa hiyo kijana mwenye macho mazima anaweza kushuka ngazi moja chini ya jibu lake. Aliyepita arobaini asishuke. Yule mwanasheria nilimwekea 250, akasoma mstari wangu wa ng'ombe bila kutoa mgongo kwenye kiti.

Kuna gharama, nayo ni nafasi. Kioo cha 3200 kwa 1800 kikiwekwa asilimia 250 kinabaki na eneo la kazi sawa na 1280 kwa 720. Kwa kusoma na kuandika panatosha. Tatizo ni programu chache za zamani ambazo vidirisha vyake ni virefu kuliko hapo, kitufe cha "OK" kinazama chini ya kioo. Ikikutokea, bonyeza Alt pamoja na kitufe cha nafasi, halafu herufi M, kisha kisukume kidirisha juu kwa vitufe vya mishale. Au ficha ule upau wa chini wa Windows ujitokeze pale tu unapouhitaji. Usiingie kwenye sehemu ya "Custom scaling" kuandika namba yako mwenyewe. Namba hiyo inalazimishwa kwa vioo vyote utakavyounganisha, na ukiandika kubwa mno kuirudisha ni taabu.

Mbali na hapo kuna kifaa cha pili ambacho wengi hawakijui. Ndani ya mipangilio, ingia "Accessibility", kisha "Text size". Hapa unakuza maandishi peke yake, kuanzia asilimia 100 hadi 225, bila kugusa aikoni wala vitufe. Mimi hukitumia kama chumvi ya mwisho: nikishapata kipimo cha kukuza kinachofaa, naongeza maandishi hadi 110 au 115. Anayetaka kufanya kazi yote kwa kifaa hiki na kuacha kipimo kwenye 100 atapata majina makubwa yaliyobanwa ndani ya vitufe vidogo.

Baada ya kipimo, fungua kitufe cha Windows, andika cttune, bonyeza Enter. Hiyo ndiyo ClearType, mbinu iliyotangazwa na Microsoft mwaka 1998, inayotumia vipande vitatu vya rangi vilivyo ndani ya kila pikseli ili kulainisha kingo za herufi. Itakuonyesha vijisanduku vya maandishi, hatua kwa hatua, nawe unachagua kinachosomeka vizuri zaidi. Chagua kwa kusoma, si kwa kuangalia kipi ni cheusi zaidi. Kwenye kioo cha pikseli 276 kwa inchi tofauti ni ndogo. Kwenye laptopu ya zamani ya 1366 kwa 768 ni kubwa mno, na ni bure. Kama mashine yako ni ya aina hiyo, hapa ndipo pa kutumia dakika zako.

Sasa programu moja itakuwa bado na ukungu ilhali nyingine zote zimenyooka. Mara nyingi ni programu ya zamani: ya uhasibu, kamusi ya kwenye CD, programu ya kupanga kurasa ambayo ofisi haijainunua upya. Haijui kujichora kubwa, hivyo Windows inapiga picha yake ndogo na kuivuta. Bofya kulia kwenye aikoni yake, chagua "Properties", kisha ukurasa wa "Compatibility", kisha "Change high DPI settings". Weka tiki kwenye kisanduku cha chini kabisa, na katika orodha iliyo chini yake chagua "System (Enhanced)". Funga programu, ifungue upya. Maandishi yakinyooka, umemaliza. Sura ya programu ikivurugika, rudi uchague "Application". Itakuwa safi lakini huenda ikawa ndogo tena, na hapo uamuzi ni wako.

Kwenye kivinjari mambo ni mepesi. Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha inakuza, Ctrl na alama ya kutoa inapunguza, Ctrl na sifuri inarudisha. Chrome na Firefox hukumbuka kila tovuti ulivyoiacha, kwa hiyo gazeti unalolisoma kila asubuhi litajifungua kwa ukubwa uleule. Lakini nakuomba uzoee kitufe cha F9. Kwenye Firefox na Edge za Windows kinaondoa matangazo, picha za pembeni na menyu, kinakuachia makala yenyewe, nawe unachagua fonti, ukubwa, upana wa safu na rangi ya nyuma. Hakifanyi kazi kwenye kila ukurasa. Kinafanya kazi kwenye makala ndefu, na ndizo zinazochosha.

Upana wa safu unastahili neno. Wapangaji wa vitabu hupenda mstari wenye herufi kati ya 45 na 75. Ukizidi hapo, jicho likirudi kushoto linakosea mstari. Kwetu sisi kuna jambo la ziada: maneno ya Kiswahili ni marefu. "Tulichokubaliana" peke yake ni herufi 16. Ukikuza sana na kubana safu, mstari unabeba maneno matatu, na kama maandishi yamenyooshwa pande zote mbili, kati ya maneno kunabaki mashimo ambayo jicho linayaruka kwa shida. Kwa hiyo unaposoma kwenye kioo, nyoosha kushoto tu, kulia pabaki na kingo zisizolingana, na safu uipe upana wa kubeba walau maneno nane.

Nimefika kwenye Word, na hapa nataka nitulie, kwa sababu hapa ndipo udogo wa kioo unapoharibu kazi za watu. Napokea miswada ambayo mwandishi amepandisha fonti hadi saizi ya 18, si kwa sababu kitabu kinataka hivyo, ni kwa sababu hakuona ya 12. Hesabu ya kurasa inakuwa ya uongo, vichwa vya sura vinaruka, majedwali yanapasuka, na mchapishaji anakadiria gharama kwa kitabu ambacho hakipo. Ukubwa wa kusomea na ukubwa wa kuchapisha ni vitu viwili. Acha fonti kwenye 12. Shika Ctrl uzungushe gurudumu la kipanya, au tumia kile kipimo cha kusogeza kilicho pembe ya chini kulia, au ingia "View" ubofye "Page Width" ili ukurasa ujaze upana wote wa kioo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachogusa karatasi itakayotoka kwenye printa. LibreOffice nayo inakubali Ctrl na gurudumu vilevile.

Ukitaka kusoma bila kuandika, ndani ya "View" kuna "Immersive Reader". Inapanua nafasi kati ya herufi, inaweka rangi ya krimu nyuma, na unachagua upana wa safu. Nasoma hapo sura nzima kabla ya kuanza kusahihisha.

Kuhusu fonti, nina msimamo. Verdana na Georgia zilitolewa na Microsoft mwaka 1996, zimebuniwa na Matthew Carter kwa ajili ya kioo tangu mwanzo: herufi ndogo zake zina kimo kirefu na nafasi kati yake imelegezwa. Kwenye Verdana herufi "I" kubwa ina vipande vya mlalo juu na chini, kwa hiyo "Ilala" haichanganyiki. Kwenye Arial "I" na "l" zimekaribiana mno. Ninapopokea muswada natengeneza nakala, nakala nzima naigeuza Verdana au Georgia, nasoma hapo, na masahihisho nayaingiza kwenye muswada halisi ukiwa na fonti yake. Fonti za mistari myembamba, kama Garamond, hupendeza kitabuni. Kwenye kioo chenye pikseli nyingi zinachorwa kwa usahihi kiasi kwamba ile mistari myembamba inabaki myembamba kweli, na maandishi yanapauka.

Kwa faili za PDF tumia Acrobat Reader, na ukumbuke Ctrl na 3. Kinyume na Ctrl na 2 inayojaza upana wa karatasi nzima, hii inajaza upana wa maandishi peke yake, ile pambizo nyeupe inatoka nje ya kioo. Prufu za kitabu zenye pambizo pana zinakuwa kubwa kwa kiasi cha kutosha bila kusukuma ukurasa kushoto na kulia. Na ukihitaji kuhakikisha ritifaa moja tu, bonyeza kitufe cha Windows na alama ya kujumlisha, kioo chote kikuzwe. Windows na Esc inakirudisha.

Wenye Mac wana kazi ndogo. Ingia "System Settings", kisha "Displays", uchague upande wa "Larger Text". Tangu MacBook Pro ya mwaka 2012, yenye 2880 kwa 1800 kwenye inchi 15.4, mfumo wake unachora herufi kwa pikseli maradufu, kwa hiyo hutaona ukungu. Kwenye Ubuntu ni "Settings" na "Displays". Washa "Fractional Scaling" ili upate 125, 150 na 175, au ukitaka maandishi peke yake, washa "Large Text" ndani ya "Accessibility".

Mwanga nao ni sehemu ya kusoma. Weka karatasi nyeupe pembeni ya kioo: ukurasa mtupu wa Word ukiwaka kuliko karatasi, punguza, ukionekana wa kijivu, ongeza. Dirisha liwe ubavuni mwako, lisiwe mbele wala nyuma, hasa kwa vioo vinavyong'aa vya kugusa kwa kidole. Umeme ukikatika na laptopu ikahamia kwenye betri, mara nyingi kioo kinajipunguza chenyewe katikati ya sentensi. Ndani ya "Display", fungua "Brightness", na kwenye "Change brightness based on content" chagua "Off". Halafu kwenye mipangilio ya betri ondoa tiki ya kupunguza mwanga. Betri itakwisha mapema kidogo, lakini utasoma. Maandishi meupe juu ya nyeusi siyapendekezi kwa mwenye astigmatizimu (jicho ambalo mviringo wake hauko sawa), maana herufi zinaota mwanga pembeni. Meusi juu ya krimu yanatulia zaidi.

Ukiunganisha projekta au kioo cha mezani, bonyeza Windows na P uchague "Extend". "Duplicate" hulazimisha vioo viwili vikubaliane rezolusheni moja, na kinachoumia ni cha laptopu. Kila kioo kipe kipimo chake. Ukichomoa waya na programu zikabaki na ukungu, toka kwenye akaunti yako na uingie tena; si lazima kuzima mashine.

Kama umefanya yote haya na mstari wa ng'ombe bado unakuinamisha, pima macho. Kuanzia miaka arobaini hivi lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu, na hilo halitibiwi na mipangilio yoyote. Kabla ya kwenda, kaa kwenye meza yako, shikilia futi ya fundi cherehani, pima kutoka jichoni hadi kwenye kioo, uandike namba. Kwa wengi ni kati ya sentimita 50 na 70. Miwani ya kusomea hutengenezwa kwa kitabu kilichoshikwa mkononi, kama sentimita 40, na ndiyo sababu watu wanaivaa na bado wanausogeza uso kwenye laptopu. Mpe mtaalamu wa macho hiyo namba yako, na umwombe akupime kwa umbali huo.